Chumvi Niliyompa Mnyama wa Bahari

Harufu ile ilinikuta kwenye kolido ya hospitali, siku niliyokwenda kumwona wifi yangu aliyejifungua mapacha. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, mtu mmoja akifuta meza, na kabla sijatambua ninanusa nini, macho yangu yalikuwa yamekwisha kulowa. Ilikuwa formoli, ile dawa kali inayohifadhia vitu visioze. Wengi wakiinusa huwaza mochari. Mimi nilisimama pale na chupa ya uji wa mzazi mkononi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko mzima. Nilikuwa nimemkumbuka Koko, na jinsi nilivyommalizia chumvi yake.

Sisi tuliokuwa watoto Kindu, Kongo, wakati wa vita tunajua chumvi ilikuwa nini. Watoto wetu wa leo ukiwaambia wanakutazama tu, kisha wanarudi kwenye simu zao. Mji ulikuwa umezibwa kila upande. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya mahali ambapo mtu angethubutu kufika, mitumbwi ya mto Lualaba ilikatazwa kuvuka, na treni zililala stesheni hadi nyasi zikaota katikati ya reli na mbuzi wakapata malisho. Chumvi iliingia kwa ndege tu, na sokoni waliipima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Sombe, majani yetu ya muhogo, bila mafuta tuliizoea. Sombe bila chumvi hatukuizoea kamwe. Ulikuwa unatafuna huku ukifikiria mambo mengine.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Treni ziliposimama, yeye na mama walikuwa Kongolo, na huko wakabaki, nami nikabaki na Koko, ndivyo nilivyomwita mama yake baba. Sikuwa na kaka wala dada. Koko alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha, na mtaa mzima ulimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Chumvi yake aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, nyuma ya Kurani. Kopo lilikuwa dogo, limejaa, na alilifungua siku ya Ijumaa tu. Aliipata kwa kutoa kitenge chake cha waksi alichokitunza tangu alipoolewa, akaniambia kwamba nguo haiingii kwenye sufuria.

Nyumba ilikuwa na mtu wa tatu, na mtoto mchanga. Mama Zaina alikuwa ametoka Tunda, upande wa Kibombo, kwa miguu, kupitia msituni, akiwa na Zaina mgongoni na sufuria moja kichwani. Hakuwa ndugu yetu. Koko alimkuta amekaa kwenye kibaraza cha msikiti, anakohoa, akamwambia amfuate. Nadhani hakuna maneno mengine yaliyosemwa. Toka siku hiyo alilala chumba cha nyuma, akatwanga, akachota maji, akafua, na kila jioni aliimba taratibu kwa mtoto nyimbo ambazo sikuzielewa, nami nikajifanya nazielewa.

Sasa niwaeleze jinsi mnyama wa bahari alivyofika nyumbani kwetu, mji ambao bahari yake ya karibu ni safari ya majuma.

Jirani yetu alikuwa Prof Amisi, mwalimu wa biolojia kwenye shule ya sekondari. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alifunga tai kila asubuhi hata baada ya shule kufungwa. Shule ile askari waliigeuza kambi. Kwenye chumba cha sayansi mlikuwa na makabati ya mabokali, ile mitungi ya kioo yenye wanyama ndani ya dawa, yaliyokuwapo tangu wakati wa wamisionari. Prof alisikia kwamba askari wameanza kuyafungua na kuyanusa, wakidhani ni pombe. Alikwenda kumwomba mkubwa wao apewe mchana mmoja tu wa kuyaondoa kabla mtu hajainywa ile dawa akafa. Alipewa. Akaja nayo mtaani kwenye mkokoteni, anausukuma mwenyewe, vioo vikigongana, nasi watoto tukimfuata kama anauza mandazi.

Nyumbani kwake hayangetosha, tena hakutaka yakae mahali pamoja yakaonekana. Kwa hiyo alipita mlango kwa mlango akiomba kila nyumba imwekee moja. Koko alimkataa nyoka. Akamkataa chura. Akakataa kijusi cha nguruwe, kwa ajili ya dini, alisema, na kwa ajili ya uso wake. Mwishowe Prof akanyanyua bokali dogo lenye kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kilichojikunja kama ngumi ya mtoto. Koko alikizungusha akakitazama pande zote, akasema hiki kinafaa, hakina macho ya kumtazama mtu. Kikawekwa chini ya kitanda changu, kimefunikwa kitambaa.

Nilikuwa darasa la tatu, nasoma kifaransa kwa kukisia. Kwenye bokali palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino wa zamani: *Actinie solitaire*. Neno la kwanza sikuliweza. La pili niliona mwisho wake, nikalijua mara moja, kwa sababu mji ulijaa watu wa neno hilo. Nilimkimbilia Koko nikamwambia kwamba chini ya kitanda changu Prof ameweka *militaire*, askari. Koko alichukua bokali lilivyo, akavuka nalo barabara kulirudisha.

Prof alicheka mpaka akalegeza tai. Kisha akaketi nasi kwenye ngazi ya mlango wake, akatueleza vizuri, na hivyo ndivyo nilivyopata somo langu la kwanza la biolojia.

"Si *militaire*. *Solitaire*. Njo yule anaishi peke yake."

Alisema huyo ni mnyama wa bahari, ingawa ukimwona akiwa hai utaapa ni ua. Hana kichwa, hana mfupa, hana jicho. Ndugu zake wengi hung'ang'ania mawe, wamesongamana kama watu kwenye boti. Huyu alichagua mchanga. Sehemu yake ya chini huivimbisha kama kitunguu, akaishindilia ndani ya mchanga, na hiyo ndiyo nanga yake. Mwili wake mrefu hukaa shimoni, na juu, usawa wa mchanga, hufungua mdomo wenye mikono mingi imeuzunguka kama petali. Hatembei kutafuta chakula. Anangoja. Kila mkono umejaa sindano ndogo kuliko unywele, na kamba mdogo akiugusa tu, sindano zinafyatuka zenye sumu, mikono inamkunja, inampeleka mdomoni. Mabaki anayatoa kwa mdomo uleule.

Koko aliyekuwa anasikiliza kwa adabu alimkatiza hapo. Aliuliza kama kweli mlango ni mmoja, wa kuingilia na wa kutokea. Prof akathibitisha. Koko akafikiri, akasema hata nyumba yetu iko hivyo, na hakuna aliyekufa.

Mimi nilitaka kujua kitu kingine. Kama ni ua lenye mikono, mbona huyu wetu ni ngumi?

Prof akasema mnyama alishtuka siku waliyomtoa baharini. Ndiyo tabia yao: wakiguswa vibaya, au maji yakibadilika, wanaingiza mikono yote ndani, wanajifunga, wanajivuta shimoni, na mchanga unawafunika. Maji yakirudi kuwa mazuri, wanafungua tena. Alikuwa anasema habari za walio hai. Mimi nilisikia habari za yule aliye chini ya kitanda changu.

Nikamwuliza maji mazuri kwake ni maji gani. Akanijibu bila kuwaza, huku akijifunga tai upya, kwamba bahari ni maji ya chumvi.

Mtafikiri nilikuwa mjinga. Nilikuwa na umri wa miaka minane, wazazi wangu walikuwa upande mwingine wa vita, na watu wazima wote niliowajua walisema sentensi moja: tungoje, itafunguka. Njia itafunguka, mto utafunguka, shule itafunguka. Sasa nilikuwa na kiumbe kimoja, cha peke yake kama mimi, ambacho niliambiwa dawa ya kukifungua, na dawa hiyo ilikuwa juu ya rafu.

Nilianza na punje chache. Ilikuwa mchana, Koko amekwenda kwenye matanga ya jirani, Mama Zaina yuko nyuma anatwanga. Kifuniko cha bokali kilizibwa kwa nta. Niliikwangua kwa kijiko. Harufu ilinipiga usoni nikatokwa na machozi kama niliyechapwa, puani moto, kooni moto. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya bahari, nikawahurumia watu wa pwani. Nikatia chumvi. Ilishuka taratibu kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, ikatua chini. Mnyama hakufanya kitu.

Kesho yake nikaongeza. Na kesho kutwa. Prof alikuwa amesema bahari ni kubwa, kwa hiyo kijiko kimoja kilikuwa kama dharau. Siku ya nne nilikoroga kwa kijiti, na mnyama akageuka polepole ndani ya maji, na kwenye ukingo wa ile ngumi nikaona kitu kama ncha ya kidole. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba jana haikuwapo. Furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena mpaka nilipozaa. Siku zilizofuata nilitia kwa mkono mzima. Chini ya bokali pakawa peupe kama pwani.

Ijumaa Koko aliteremsha kopo apike samaki aliyeletewa na mtu wa msikitini. Nilimwona akiliinamisha, akalitikisa, akaliinamisha tena kwenye mwanga. Chumvi iliyobaki ilikuwa ya kujaza ganda la karanga. Aligeuka akamtazama Mama Zaina aliyekuwa anapepeta mchele, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatia samaki kwenye moto bila chumvi.

Hakumshitaki. Laiti angemshitaki, pengine mambo yangekwisha palepale. Alichofanya ni kuhamisha vitu. Kopo likaingia kwenye sanduku lenye kufuli. Mafuta yakaingia. Sabuni ikaingia. Mama Zaina aliona kila kitu kinavyohama, naye akaanza kuhama vilevile: kwanza akaacha kula nasi kwenye sinia moja, akisema tumbo linamsumbua, kisha akaacha kuimba. Niliwaangalia wote wawili. Nilijua kabisa jambo gani limetokea na nani amelifanya, na kila asubuhi niliamka nimekusudia kusema, na kila asubuhi niliona ufito wa Koko uliopachikwa juu ya mlango, nikaahirisha.

Wiki ya pili, asubuhi moja, Koko alimwita Mama Zaina mbele yangu. Kwa sauti yake ileile ndogo, alimwambia kwamba amesikia kuna watu wa Kibombo waliopewa nafasi upande wa Mikelenge, na labda ingekuwa vizuri kwake akae na watu wa kwao. Mama Zaina alijibu ndiyo, mama, asante. Hakuuliza kwa nini.

Alifunga mzigo wake asubuhi ile. Ulikuwa mzigo wa sufuria moja na vitambaa, lakini ulimchukua muda. Aliukunja, akaufungua, akaukunja tena. Alimfunga Zaina mgongoni. Aliweka mzigo kichwani, akasimama mlangoni, akaaga. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatazama mikono yake mwenyewe.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka sakafu ya baridi chini ya kitanda, na uzito wa kioo tumboni pangu. Nilitoka na bokali nimelikumbatia, nikalisimamisha katikati ya chumba, nikavuta kitambaa.

"Chumvi iko humu," nikasema. "Ni mie niliitia."

Koko aliinuka, akachuchumaa, akasogeza uso karibu na kioo. Alitazama ule mchanga mweupe chini, akanitazama mimi, akatazama tena. Kitu cha kwanza alichofanya, nawaapia, ni kwenda kuchukua sufuria. Alitaka kumwaga maji yale, ayachemshe yakauke, aipate chumvi yake. Mama Zaina, na mzigo bado kichwani, alikimbia kumwita Prof. Prof alikuja bila tai, kiatu mguu mmoja, akamshika Koko mkono, akamweleza kwamba chumvi ile imekwisha kuwa sumu na hata sufuria itakuwa sumu. Koko akaiweka sufuria chini. Nadhani ndipo alipoiaga ile waksi yake kwa mara ya pili.

Prof akanigeukia, akaniuliza kwa upole nilikuwa nataka kufanya nini. Nikamwambia nilitaka mnyama apate bahari yake ili afungue. Nikamwambia tayari ameanza, nikamwonyesha ile ncha. Prof akainama akaitazama. Akavua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu.

Nilikuwa nangoja ufito. Koko hakuutazama kabisa. Alikwenda mlangoni alipokuwa amesimama Mama Zaina, akateremsha mzigo kutoka kichwani mwake, akauweka chini. Kisha akazunguka nyuma yake, akafungua fundo la kitambaa, akamchukua Zaina, akamweka kwenye bega lake mwenyewe. Mtoto akamshika shungi.

"Mutoto wangu njo mwizi," akamwambia Mama Zaina. "Na mie nilikuwa naangalia weye. Unisamehe."

Sikuwahi kumsikia Koko akimwomba mtu msamaha kabla ya siku ile, wala baada yake. Mama Zaina alifunika uso kwa mkono. Halafu akafanya jambo lililotushangaza wote; akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama nyuma ya stesheni kile kijito bado kina majani yanayoelea.

Kwao Tunda, alisema, bibi zao walipika chumvi kwa majani hayo kabla chumvi ya dukani haijafika. Yeye aliona mara chache tu utotoni, lakini mikono yake ilikumbuka. Mchana huohuo tukashuka kijitoni, wanawake wa mtaa, watoto, na Prof aliyekwisha kuvaa tai. Majani yalielea juu ya maji yaliyotulia, mafungu mafungu, kama kabichi ndogo zilizosahau kufunga, na mizizi yake ikining'inia chini kama ndevu. Tuliyavuta kwa fito, tukayaanika juu ya mabati, na yalipokauka Mama Zaina akayachoma. Majivu akayatia kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu yake kidogokidogo. Yaliyodondoka yalikuwa ya rangi ya bia. Akayachemsha toka adhuhuri mpaka alasiri, sote tumekaa kuuzunguka moto, na chini ya sufuria ukabaki unga wa kijivu.

Koko alionja wa kwanza. Alikunja uso wote. Alisema ina ladha ya jiko lililonyeshewa. Kisha akaramba kidole mara ya pili, na mara ya tatu, akaagiza sombe iletwe. Sijui mtu aliyekuwa na chumvi siku zote angeila sombe ile. Sisi tuliila tukaangusha sufuria kwa kuikwangua. Kabla wiki haijaisha nyumba yetu ilikuwa na foleni ya wanawake wanaotaka kufundishwa, na Mama Zaina, yule mgeni wa chumba cha nyuma, alikuwa anawapanga na kuwakemea wasimwage majivu.

Na Prof, kwa upande wake, aliona mizizi. Siku ya kwanza pale kijitoni alikuwa ameokota jani moja, akaliweka kwenye bilauri ya maji, akaniita baada ya kuliacha litulie. Alikuwa na lupu, ile lenzi ya mkono, kitu pekee cha shule alichokitia mfukoni. Alinishikia, akaniambia nitazame mzizi mmoja, nisipumue juu ya maji.

Mwanzoni niliona uzi. Uzi ukajinyoosha. Chini ulikuwa umeshika mzizi kwa mguu, na juu ulikuwa na mikono, mitano au sita, myembamba kama utando, imefunguka pande zote, inangoja.

"Njo ndugu yake mudogo," Prof akaninong'oneza. "Yeye anakaa kwa maji ya huku. Hana haja na chumvi."

Alinionyesha na kitu kingine: ubavuni mwa ule uzi palichipuka uzi mdogo zaidi, nao una vijikono vyake. Akasema huyo ni mtoto, anaota kwa mama yake kama chipukizi la mgomba, siku chache tu ataachia na kwenda kushika mzizi wake mwenyewe. Na ukimkata mmoja vipande viwili, kila kipande kitajimalizia. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Nyuma yangu watoto walikuwa wameanza kusukumana, kila mmoja anataka zamu. Prof akawapanga mstari. Kesho yake wakaja tena wakawa wengi zaidi, na kesho kutwa akaja na kipande cha ubao na chaki. Hivyo ndivyo shule ilivyoanza upya mtaani kwetu, barazani kwa Koko, kila alasiri, kwa bilauri moja na lupu moja. Masomo mengine yaliongezeka baadaye. Tulijua wadudu wa majini kabla hatujajua kugawanya.

Vita vilikwisha jinsi vilivyokwisha, taratibu, bila mtu kutuambia siku. Treni ya kwanza iliporudi toka kusini nilikuwa nimeanza kurefuka. Baba akiwa nyuma na mizigo, mama alipita mbele yangu stesheni akinitafuta, hakunitambua, mpaka nilipomvuta nguo. Mabokali yakarudi shuleni kwa mkokoteni uleule. Miaka baadaye, nikiwa mwanafunzi wake sekondari, Prof aliniita mezani akanionyesha ukurasa wa kitabu kimoja cha zamani. Kilisema kwamba wanyama wa bahari ni vizuri kuwahifadhi kwenye formoli iliyochanganywa na maji ya bahari. Akanong'ona, wenzangu wasisikie, kwamba basi sikukosea sana, kipimo tu.

Sikuwa mwanabiolojia. Ninashona nguo, na nina vyerehani vitatu na wasichana wawili wanaojifunza kwangu. Koko alikufa kwa uzee, kitandani kwake, akiwa na chumvi ya kutosha. Mama Zaina alirudi Tunda mara tu barabara iliporuhusu, tukamsindikiza hadi kwenye lori, na kwa miaka mingi salamu zetu zilipita kwa midomo ya wasafiri.

Mwaka jana nilialikwa harusi Kibombo. Siku ya tatu nikapanda pikipiki nikaenda mpaka Tunda. Nilimkuta uani, anamenya karanga, amezeeka vizuri, meno machache na kicheko kilekile. Zaina ana watoto wanne. Tulikula, tukahesabu waliokufa na waliozaliwa, na nilipoona tuko wawili tu nikamwambia nilichokuwa nimekibeba. Kwamba nilichelewa. Kwamba zile wiki mbili alizotazamwa kama mwizi zilikuwa zangu, na kwamba namshukuru Mungu nilisema kabla hajatoka mlangoni, maana hakuwa na njia ya kujua.

Aliendelea kumenya.

"Nilikuwa najua toka siku ya kwanza," akasema. "Nilikuona kwa dirisha. Weye na kijiko."

Kisha nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Alitupa maganda, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Mie ningesema, ungebakia mwizi mupaka leo. Ulisema weye mwenyewe, ukabakia mutoto."

Nikamwuliza, na kama nisingesema? Alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Alikuwa amekwisha kuaga. Angefanya nini?

Alifikiri kidogo, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta jibu la kweli na si la kupendeza. Halafu akacheka, akanimiminia karanga mkononi.

"Ningetembea polepole," akasema.